Piko ya Bibi na Kompyuta ya Mtalaka Wangu

Sijasamehe. Naliweka hilo mwanzoni kabisa ili msomaji asije akafika katikati akaanza kutafuta mahali ninapolainika, maana hapapo. Mwanamume ninayemsimulia alikuwa mume wangu. Tulifungua studio ya picha pamoja mjini Lindi, na talaka yangu ilinifikia kwa meseji nikiwa Mingoyo kwenye harusi ya watu, ndani ya chumba cha bibi harusi, kamera shingoni. Niliisoma, nikairudisha simu kwenye mkoba, nikaendelea kupiga picha mpaka bibi harusi akatolewa nje. Zile za mlangoni, akitoka kwa vigelegele, zilikuwa nzuri sana. Kesho yake yule bwana aliziweka kwenye ukurasa wa studio na chini yake akaandika kwamba ni kazi ya mkono wake.

Kazi yetu ilikuwa imegawanyika kama harusi za pwani zinavyogawanyika. Yeye alikuwa wa upande wa wanaume: msikitini, ndoa ikifungwa, mashehe, wazee na sinia za pilau. Mimi nilikuwa wa ndani. Nilipiga singo, bibi harusi akisuguliwa manukato, nilipiga kusuka, nilipiga hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi, mahali ambapo mwanamume hathubutu hata kuchungulia. Picha za ndani zilikuwa zangu tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilizipiga mimi, nikaziediti mimi, nikazikabidhi mkononi kwa mama wa bibi harusi, na mume wangu hakuzifungua, kwa sababu huo ndio uliokuwa uaminifu wetu kwa wateja. Kwa hiyo katika miaka yote ya ndoa yetu, yule mwanamume hakuwahi kukaa mbele ya kompyuta akauangalia kwa karibu mkono uliopakwa piko. Hilo ndilo lililokuja kumponza, nami nafurahi kulisimulia.

Tulipoachana yeye alibaki na chumba cha studio, kompyuta kubwa, diski yenye picha zetu zote, na programu ya kuediti tuliyokuwa tukiilipia kila mwezi. Mimi nilibaki na kamera ya kwanza tuliyonunua, ambayo kifuniko chake cha betri kinashikiliwa na plasta. "Nenda nayo," aliniambia, "ukapige picha za pasipoti." Barazani kwa wenzake alisema mimi nilikuwa namshikia taa tu. Nilihamia Kilwa Masoko kwa shangazi yangu, nikaanza kazi katika chumba chake cha mbele kwa kompyuta kuukuu, na maneno yale ya taa nikahama nayo.

Hapa inanibidi nieleze kazi kidogo, la sivyo raha yote itapotea. Mpiga picha anayejali kazi yake haiachii kamera impikie picha. Anapiga picha mbichi. Picha mbichi ni faili kubwa, na ukilifungua mara ya kwanza limepauka, halivutii hata kidogo. Lakini humo kamera imehifadhi kila ilichokiona, kwenye mwanga na kwenye kivuli, na kazi ya kuamua kipi kionekane imeachiwa programu na mtu aliyekaa mbele yake. Ukikosea, hakuna kilichoharibika. Faili lenyewe haliguswi, unaweza kurudi mwakani ukaanza upya. Unalipoteza tu ukilifuta.

Programu zenyewe sasa, kila moja ina tabia yake, kama wapishi waliopewa mchele uleule. Ile ya kulipia ambayo yule bwana alibaki nayo ni ya haraka na ina maneno matamu. Ukiipa picha inaipendezesha kabla hujaomba. Nilipofika Kilwa nilijaribu kujiunga nayo mwenyewe, ikaikataa kadi yangu ya malipo. Siku ilipoikubali, nikagundua kwamba bando likikatika kwa muda inafunga vifaa vyote mpaka iwasiliane na wenyewe huko iliko. Nilikaa na picha za mtoto wa watu aliyehitimu madrasa, zimefungwa mbele yangu, mama yake amekaa kwenye kiti ananitazama. Nikaachana nayo. Nilikuwa tayari nimeshaachana na kitu kikubwa kuliko hicho.

Nikaingia kwenye programu za bure. Ya kwanza ilifungua picha zangu zikiwa nyeusi, na nyuso zina ukijani, nikadhani kamera ndiyo imekufa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kamera ni nzima, programu ndiyo haikisii kitu. Inakupa kilichomo na kukuachia kazi. Ya pili ilikuwa na sura nzuri, lakini kila nilipogusa sehemu ya kuondoa chenga, zile punje punje zinazotokea picha ikipigwa penye giza, kompyuta yangu iliganda kama imepigwa na butwaa. Nilikuja kugundua kwamba inalazimisha kutumia nguvu ambayo kompyuta yangu haina. Kuna kisanduku cha kuizuia, kimefichwa ndani kabisa ya setingi. Nilikitia alama na haikuganda tena. Ya tatu ilikuwa ya watengenezaji wa kamera yenyewe, ya bure pia, nzito na yenye uvivu mwingi, lakini rangi za kamera yake inazijua.

Nilizishindanisha zote kwa picha moja, ya shangazi akikaanga vitumbua jikoni, nusu yake mwanga wa dirisha na nusu giza. Ile ya kulipia, kabla sijaiaga, ilimfanya shangazi awe msichana. Ile ya kwanza ya bure, nilipoijulia, ilimtoa shangazi mwenyewe, na kovu la mafuta kwenye kifundo cha mkono, na moshi. Shangazi alizitazama zote mbili kwenye kioo. Ile ya usichana akasema ni nzuri, mpelekee anayemjua huyo msichana. Tangu siku hiyo nikaishikilia ile ya bure, nikajifunza kila kona yake, na nilipokuwa nikijifunza nilikuwa namuwaza yule bwana. Watu wengine hujifunza kwa kupenda. Mimi nilijifunza kwa hasira, na inafundisha vizuri tu.

Basi asubuhi moja akaja mwanamke kijana, mke wa mtu wa Kilwa Masoko, ambaye harusi yake ilikuwa imefanyika kwao Lindi. Alikuwa na albamu kubwa yenye jalada la kung'aa. Nililijua lile jalada kabla hajaketi.

"Shikamoo anti."

"Marahaba. Karibu."

"Nimeambiwa wewe unaweza kurudisha vitu kwenye picha."

Nikafungua albamu. Bibi harusi chini ya turubai, bibi harusi na mumewe, bibi harusi na mama yake. Ngozi imekuwa nyororo, nyeupe kuliko yake, na macho yanawaka. Sikuona tatizo mpaka aliponyoosha kidole. Mikono. Kwenye kila picha mikono yake ilikuwa mitupu, safi, kama ya mtu aliyetoka kunawa. Bibi harusi wa Lindi hana piko hata tone.

"Hukupakwa?"

"Nilipakwa na bibi yangu," akasema. "Mama yake mama. Yeye ndiye aliyekuwa akipaka maharusi wote, mpaka wa Kinjumbi walikuwa wanamfuata. Alikuwa ameshaacha, mikono inamtetemeka, lakini kwangu akasema lazima apake mwenyewe. Alikaa kutwa nzima. Baada ya harusi hakukaa sana, akafariki."

Nikamuuliza picha za simu. Akatikisa kichwa. Siku hizi harusini kuna kapu mlangoni, simu zote za wanawake zinawekwa humo kabla ya kuingia ndani, kwa sababu picha za singo zimeshawahi kusambaa kwenye makundi na kuharibu nyumba za watu. Na mpiga picha wa ndani hakuwepo, kwa kuwa studio ile haina tena mwanamke. Piko ya bibi yake ilipigwa picha nje tu, chini ya turubai la buluu, na mtu mmoja.

Nilifurahi. Kabla ya kumpa pole ya bibi yake, furaha ilikuwa imeshanijaa kifua kizima, maana nilijua palepale kilichotokea. Yule bwana alikuwa amejipatia setingi ya kusafisha ngozi, zile za kununua mtandaoni, na programu yake ya kulipia imefundishwa huko kwa wenzetu kwamba kitu cheusi kilichochorwa kwenye ngozi ni doa. Akaibandika setingi ile kwenye picha zote kwa mkupuo mmoja, akaenda kunywa kahawa. Programu ikapita mkono kwa mkono ikifuta maua ya marehemu, nayo ikidhani inasaidia. Mwanamke yeyote wa pwani angekaa mbele ya kompyuta ile angepiga kelele. Yeye aliona mikono safi, akaridhika.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia anipe zile za mwanzo. Akasema ameshazifuta, huwa anafuta ili kompyuta isijae. Akasema piko haikuwa imekolea."

Haikuwa imekolea. Bibi ya watu amekufa, na anaambiwa piko yake haikukolea. Hapo ndipo nilipomhurumia yule binti, na hasira yangu ikapata mguu wa pili wa kusimamia.

Lakini mimi nilikuwa nazijua tabia za mwanamume yule. Kwenye kompyuta anafuta kila kitu, ila kadi za memori za kamera hazisafishi ipasavyo. Anazizungusha, na huzifuta mlangoni kwa mteja mwingine, dakika za mwisho, kwa haraka. Na kitu kilichofutwa kwenye memori hakijaondoka. Kinabaki pale, kinasubiri kufunikwa na kipya, na ziko programu za kukifufua. Kama memori ya harusi ile haijajazwa tena, piko ya bibi ilikuwa bado ipo Lindi, kwenye kopo lake la halua anamowekea memori. Kila harusi atakayoipiga nayo ingeifunika zaidi. Nikamwambia binti ampigie mama yake saa ileile.

Mama yule ni mtu wa biashara na anaheshimika mjini. Alikwenda studio mwenyewe, akakaa, akasema haondoki. Jibu likatufikia Kilwa jioni. Memori ipo. Imetumika tena mara moja kwa shughuli ndogo, na kesho kutwa ana harusi nyingine nayo. Ataileta nyumbani kwa mama tuishughulikie mbele yake, irudi mkononi mwake siku hiyohiyo. Na ana sharti moja, atalisema tukifika.

Tulikwenda, mimi na binti. Sikulala vizuri, na nilivaa buibui langu zuri, kwa sababu nilitaka anione sijachakaa. Alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha baraza la ndani, kompyuta yake mpya mapajani. Alikuwa ameota kitambi. Nilimwamkia mama, akaitikia marahaba, akaniambia nikae karibu naye.

"Mama," yule bwana akasema, akimtazama mama na si mimi, "huyu namjua. Akipata hiki kitu atazunguka nacho mji mzima. Mimi nina jina. Naomba ale yamini mbele yako kwamba hatalitaja jina langu wala la studio yangu katika habari hii. Sio kwa mdomo, sio kwa kuandika, sio kwenye makundi ya simu. Akiapa, memori hii hapa. Asipoapa, naondoka nayo."

Alinipiga palepale penye kidonda, na alijua. Nilikuwa nimeshaitunga ile habari njia nzima, tangu Nangurukuru. Nilikuwa nimeshachagua makundi nitakayoipeleka, la wanawake wa harusi, la wapambaji, la waliosoma pamoja nami, na picha mbili nitakazozipanga ubavuni, mikono mitupu aliyoitoa yeye na mikono ya kweli. Kitu nilichokisubiri tangu meseji ya Mingoyo kilikuwa mbele yangu, na bei yake ilikuwa piko ya bibi wa mtu mwingine.

Nilimtazama binti. Hakuniomba. Alikuwa ameitazama mikono yake, na hina ya harusi ilikuwa imeshatoka, kucha tu ndizo zilizobaki na wekundu nchani.

"Niletee msahafu," nikasema.

Mama akauleta mwenyewe. Niliapa, neno kwa neno kama alivyolisema, mama akiwa shahidi. Sitalitaja jina lake wala jina la studio yake katika habari hii, kwa mdomo wala kwa maandishi wala kwa simu. Yule bwana akatabasamu, akatoa memori mfukoni akaiweka mezani. Tabasamu lile ninalo mpaka leo.

Nikafungua kompyuta yangu niliyokuja nayo, nikaanza. Programu ya kufufua mafaili iliisoma memori polepole, ikatoa mafaili yasiyo na majina, namba tu. Nikajaribu kulifungua la kwanza kwenye programu yangu ya bure, ikasema aina hii haiijui. Kamera yake ilikuwa mpya kuliko programu yangu. Nikajaribu ile ya pili, ikafungua, lakini picha yote ikawa ya zambarau yenye mistari, bibi harusi anaonekana kama yuko ndani ya chupa ya sharubati. Yule bwana akacheka puani.

"Mama, nilikwambia," akasema. "Hivi vitu vya bure vina mambo yake."

Zambarau ile ina maana yake kwa anayeijua. Mafaili hayajaharibika, programu ndiyo haijaelezwa namna ya kuzisoma rangi za kamera hiyo. Nikamwomba binti aniwashie bando lake, nikapakua toleo jipya la programu ya kwanza, mama akatuletea chai na mihogo, bando likaisha katikati, likanunuliwa jingine. Ilipomaliza, nikafungua tena. Bibi harusi akatokea, amepauka, ana ubuluu wa turubai uso mzima, lakini ni yeye.

Mafaili mengi yalikuwa yamekatika. Nusu picha juu, chini kijivu kitupu, pale ile shughuli ndogo ilipoyafunika. Na mikono huwa iko chini. Nilifungua moja baada ya jingine, uso, uso, uso, kisha kijivu. Binti alikuwa ameshika bega langu, na kila kijivu kilipotokea vidole vyake vilikaza. Nilianza kuogopa kwamba nimekula yamini bure.

Kisha likafunguka moja zima. Amekaa, mikono ameiweka juu ya magoti, kichwa ameinamisha. Mikono ilikuwa kwenye kivuli, na kwa macho ilikuwa kama weusi mmoja tu.

Kabla sijaigusa, nilifanya kitu ambacho sijutii. Nilimwambia yule bwana, "Chukua hili faili ulifungue kwenye yako. Tuone ipi nzuri." Mama akasema ndiyo, afungue. Hakuwa na pa kukwepea. Akalihamishia faili lile kwenye kompyuta yake mpya, programu ya kulipia ikalipokea, na kwa kuwa alikuwa ameiamuru itumie setingi yake kwa kila picha inayoingia, haikungoja. Mwanzo, kwa kitambo kidogo, picha ilikaa kama ilivyo, na kwenye mgongo wa mkono tuliona kivuli cha maua. Kisha programu ikapita. Mbele ya macho ya mama, maua yakafutika, kidole kwa kidole, mkono ukang'aa.

Mama hakupandisha sauti. Alimtazama tu, akamwambia, "Kumbe ilikuwa imekolea."

Yule bwana akasema kitu kuhusu toleo la programu. Hakuna aliyemsikiliza.

Nikarudi kwenye yangu. Nilichukua weupe wa shela ya bibi harusi nikaiambia programu huu ndio mweupe, na ubuluu wa turubai ukaondoka. Nikapandisha vivuli kidogo kidogo. Nikazima kila kitu kinachosafisha, chenga nikaziacha zijae, maana ukisafisha chenga kwenye kivuli unasafisha na mistari myembamba. Picha ikawa na punje punje kama mchanga. Na katikati ya mchanga ule piko ikaanza kutoka. Kwanza lile ua kubwa la mgongoni, kisha mnyororo wa majani unaokwenda kwenye kidole cha shahada, kisha vidoti. Nikaivuta karibu. Mistari haikuwa imenyooka. Ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, na mahali pamoja ilisimama, ikaanza tena pembeni kidogo.

"Hapo alipumzika," binti akasema. "Aliomba maji."

Mama alikuja karibu mpaka pua yake ikakaribia kioo. Alipitisha kidole juu ya mstari ule unaotetemeka, hewani, bila kugusa. "Mkono wa mama yangu," akasema, na akakaa chini na kulia kwa sauti, kama ndiyo kwanza ameletewa habari ya msiba. Binti akamkumbatia. Mimi niliendelea kuifanyia kazi ile picha kwa sababu sikujua pa kutazama, na yule bwana akachukua memori yake mezani akatoka.

Ningeweza kukomea hapo kama angekuwa mtu. Picha ile ilichapishwa kubwa, ikatundikwa sebuleni kwa mama, na wageni wakauliza. Mama hakuwa mwongo, lakini hakuwa mtu wa kusengenya pia, alisema tu kwamba ilipotea ikarudishwa. Mji ukaanza kumuuliza yule bwana. Naye, kwa kinywa chake, akasema studio yake ndiyo iliyoirudisha. Akaelezea na namna ilivyokuwa kazi ngumu. Akasema kulikuwa na mwanamke mmoja alikuja kumsaidia kushika vitu.

Niliposikia hilo nilikaa na yamini yangu kama mtu aliyekaa na jino bovu. Nilikwenda kumuuliza shehe kafara ya kuvunja kiapo, akaniambia ni kulisha maskini, na akanitajia wangapi. Nikapiga hesabu ya mchele na samaki. Ilikuwa inawezekana kabisa. Nilifika hatua ya kuulizia bei ya samaki changu sokoni. Lakini nilikuwa nimeapa mbele ya mama yule, juu ya piko ya marehemu, na sikutaka yule mwanamume apate kusema, na kwa mara ya kwanza iwe kweli, kwamba mimi si wa kuaminika. Nikaamua kuishika yamini, nami nimeishika kama ilivyo, herufi kwa herufi.

Ndipo nikakaa nikaandika haya. Nilipomaliza, nilipanda basi mpaka Lindi, nikamsomea mama yote tangu mwanzo mpaka hapa, kwa kuwa yeye ndiye shahidi. Alisikiliza ameshika tasbihi. Palipohusu mikono ya mama yake aliniambia nirudie, nikarudia. Mwisho akaiweka tasbihi mapajani.

"Jina lake halimo," akasema. "Wala la studio halimo. Yamini yako ni nzima mwanangu, mimi shahidi."

Nikamshukuru, nikaanza kukunja karatasi zangu.

"Ila watu wa nje ya Lindi hawataijua," akasema. "Ungesema basi hata mlango wake una rangi gani. Mlango hukuuapia."

Ni wa kijani.